Deni Kabla ya Mirathi

Mwezi uliopita nilikuwa Berlin kwa siku nne nikihudhuria kongamano la wanataaluma wa lugha za Kiafrika. Siku ya mwisho haikuwa na kikao. Mwenyeji wangu, profesa mstaafu anayependa kuwapa wageni zawadi zisizoingia katika sanduku, alikuwa amenilipia ziara binafsi ya saa tatu katika mtaa wa zamani wa Wayahudi katikati ya jiji. Nilikuta karatasi imeachwa mapokezi ya hoteli ikieleza mahali pa kukutana, saa, na umuhimu wa kuvaa viatu vya kutembelea. Juu kabisa iliandikwa kwamba ningetembezwa katika "urithi wa Kiyahudi" wa mtaa huo.

Nakiri kwamba neno hilo lilinikera hata kabla sijanywa chai. Kwetu sisi urithi hauwi urithi mpaka awepo marehemu na awepo mrithi. Marehemu wa Berlin tunawajua. Mwaka 1933 jiji lile lilikuwa na Wayahudi wapatao 160,000, karibu theluthi moja ya Wayahudi wote wa Ujerumani, na zaidi ya 50,000 kati yao waliuawa. Waliosalia hai walikuwa wamekimbilia kila pembe ya dunia. Basi mrithi ni nani? Mwenye hoteli? Mwenye duka la kahawa? Mimi niliyelipiwa tiketi? Isitoshe, katika misiba yetu, ya Waislamu na ya Wakristo, kuna tangazo linalotolewa kabla watu hawajatawanyika: anayemdai marehemu, na anayedaiwa na marehemu, wajitokeze kwa familia. Hakuna kugawana shamba kabla ya jambo hilo. Deni hutangulia mirathi. Niliondoka hotelini nikiwa na shaka kwamba ningetembezwa katika mirathi ambayo watu wanaigawana huku madeni hayajatajwa.

Mwongozaji wangu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Odessa, aliyeletwa Berlin na wazazi wake akiwa msichana mapema miaka ya 1990, pale Ujerumani ilipofungua mlango kwa Wayahudi waliotoka iliyokuwa Urusi ya Kisovieti. Watu wa asili hiyo ndio wengi katika jumuiya ya Kiyahudi ya Berlin ya leo. Nilimuuliza swali langu kabla hatujaanza kutembea. Hakushangaa.

"Babu zangu hawakuwahi kuuona mtaa huu," alisema. "Usinihesabu miongoni mwa warithi. Mimi hapa ni mpangaji tu."

Nilimpenda tangu hapo.

Watalii huuita mtaa wote Scheunenviertel, yaani Mtaa wa Maghala, kwa sababu katika karne ya 17 maghala ya nyasi kavu yaliamriwa yajengwe huko nje ya ukuta wa jiji kwa kuhofia moto. Yeye alinisahihisha mapema kwamba sehemu kubwa ya tutakayotembea ni Spandauer Vorstadt, na kwamba Maghala yenyewe ni mitaa michache iliyoko mashariki, makazi ya mafukara. Tofauti hiyo, aliniambia, ina maana zaidi ya ramani. Upande wa magharibi waliishi Wayahudi waliojiona Wajerumani kamili: wafanyabiashara, madaktari, walimu. Upande wa mashariki walijibana wale waliokuja karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kutoka Poland, Galicia na Urusi wakikimbia njaa na mashambulizi, wakizungumza Kiyidi na kuuza nguo kuukuu. Wale wa magharibi waliwaonea haya hawa wa mashariki. Watesi wao, muda ulipofika, hawakutofautisha.

Tulianzia Oranienburger Straße, mbele ya Sinagogi Mpya. Mtu wa pwani akiiona kwa mbali atadhani ni msikiti mkuu: kuba kubwa lililonakshiwa dhahabu, minara miwili midogo kando yake, na matao ya mtindo wa Wamori wa Andalusia. Wasanifu wake waliiga makusudi majengo ya Alhambra. Ilifunguliwa mwaka 1866, Bismarck akiwepo, ikiwa na viti 3,200, na katika nchi nzima haikuwa na mwenzake kwa ukubwa. Albert Einstein alipiga fidla humo mwaka 1930 katika tamasha la hisani. Hebu fikiri ujasiri uliohitajika kusimamisha kuba kama lile barabarani, katika nchi ya makanisa yenye minara iliyochongoka. Ni jengo la watu walioamini kwamba wamefika nyumbani.

Yaliyolipata jengo hilo ni somo la siasa lenye sura tatu. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi ya Ujerumani yalipochomwa, wahuni wa chama walianza kuliwasha na hili. Polisi wa kituo cha jirani cha Hackescher Markt, kilichokuwa chini ya mkuu aliyeitwa Wilhelm Krützfeld, waliwafukuza wakiwa na hati iliyosema kwamba jengo linalindwa na sheria za kumbukumbu za kale, kisha wakaita zimamoto. Nini kilimpata Krützfeld? Aliitwa na mkubwa wake akakaripiwa. Basi. Hakufungwa, hakuuawa. Miaka mitano baadaye, Novemba 1943, mabomu ya Waingereza yalililipua jengo. Ukaja mwaka 1958, na sura hii ndiyo watalii wengi hawaitarajii: magofu ya ukumbi mkuu yalibomolewa kwa baruti chini ya serikali ya Ujerumani Mashariki, serikali iliyojitangaza kuwa adui nambari moja wa ufashisti. Ukarabati wa sehemu ya mbele ulianza mwaka 1988, na kituo cha makumbusho kikafunguliwa mwaka 1995. Ukipita mlango, ukavuka vyumba vya maonyesho, unatokea nyuma kwenye uwanja mtupu. Mawe yaliyopangwa ardhini yanaonyesha mahali kuta na nguzo zilipokuwa. Viti 3,200 vimebaki kuwa mchoro chini.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko ratiba ilivyotaka. Kuna busara katika kuuacha ule utupu. Wangeweza kujenga upya ukumbi wote, fedha ipo. Na watalii wangetoka wakiamini kwamba mambo yamekwisha kutengenezwa. Badala yake wamejenga kinachoonekana barabarani na kuliacha tundu lililoko nyuma. Hiyo ni namna ya kusema: tunadaiwa, na hiki hatuwezi kukilipa.

Kutoka hapo tulikata kupitia Krausnickstraße, njia fupi ambayo ningeipita bila kugeuka. Kwenye nyumba namba 6 kuna kibao cha Regina Jonas. Mwaka 1935 alikuwa mwanamke wa kwanza kutawazwa kuwa rabi, baada ya kuandika tasnifu kuuliza kama sheria ya dini yake inamruhusu mwanamke kushika nafasi hiyo na kujibu kwamba inamruhusu. Alihubiri, alifundisha, aliwafariji wagonjwa na wazee wa jiji lililokuwa likiwafunga kamba shingoni. Alipelekwa Theresienstadt mwaka 1942, na mwaka 1944 akauawa Auschwitz. Halafu akasahauliwa. Nyaraka zake zililala kwenye hifadhi moja ya Berlin Mashariki hadi mwanamke mtafiti alipozifungua baada ya Ukuta kuanguka. Kwa karibu nusu karne, wanaume waliomfahamu na wakasalimika hawakuona haja ya kumtaja. Ni mwanazuoni gani kati yetu anayeweza kusema kwamba jambo la namna hiyo halitendeki katika idara yake?

Große Hamburger Straße ndiyo kiini cha mtaa. Hapo mwongozaji wangu alipunguza mwendo, nami nitapunguza. Mwaka 1671 mtawala wa Brandenburg aliziruhusu familia 50 za Kiyahudi zilizofukuzwa Vienna ziishi katika himaya yake. Alihitaji mitaji yao na kodi zao baada ya vita kuifilisi nchi. Mwaka uliofuata wakafungua makaburi yao ya kwanza hapa. Yalitumika hadi 1827. Alizikwa humo Moses Mendelssohn, mwanafalsafa aliyewaongoza Wayahudi wa Ujerumani kuingia katika elimu ya kisasa bila kuitupa Torati, na kwa msukumo wa watu wa kundi lake ikafunguliwa mwaka 1778 shule ya watoto maskini iliyofundisha Kijerumani na hesabu pamoja na Kiebrania. Kando yao liko kanisa la Kiprotestanti la karne ya 18, na ng'ambo ya pili hospitali ya Wakatoliki. Watu waliipa barabara hiyo jina la utani: Barabara ya Uvumilivu.

Uvumilivu! Neno hilo nalo lina mashaka yake. Tunamvumilia mgonjwa msumbufu, tunavumilia mvua. Mtu unayemvumilia hujampokea.

Jengo lililokuwa nyumba ya kuwatunzia wazee wa Kiyahudi, mlangoni pa makaburi, liligeuzwa mwaka 1942 na polisi wa siri kuwa mahali pa kuwakusanyia watu kabla ya kuwasafirisha. Wazee walitolewa kwanza. Kisha, kwa miezi, maelfu kwa maelfu walipitia hapo kuelekea treni. Makaburi yalifukuliwa mwaka 1943, na mwezi Aprili 1945, Warusi walipokuwa wakiingia jijini, miili ya zaidi ya watu 2,000 waliokufa vitani ilizikwa humo humo kwa haraka. Leo ni uwanja wa nyasi na miti. Kuna jiwe moja la Mendelssohn, nalo si lile la awali. Chini ya nyasi hizo wamelala mwanafalsafa, wajukuu wa familia zile 50, na wanajeshi wa utawala uliowafukua.

Mwongozaji hakusema neno. Aliokota kijiwe akakiweka juu ya jiwe la Mendelssohn, kama desturi yao ilivyo, akanipa nami kimoja.

Shule ya jirani ilifungwa mwaka 1942 na kufunguliwa tena mwaka 1993. Saa ya mapumziko ilikuwa imefika. Tulisikia kelele za watoto nyuma ya uzio mrefu. Mbele ya lango alisimama polisi. Nilimuuliza mwongozaji kama kuna tukio. Alinitazama kwa subira: "Huwa yupo siku zote. Mwanangu alisoma hapa, na hajawahi kuona shule isiyo na polisi mlangoni." Ndugu msomaji, ukitaka kujua kama deni limelipwa, usitazame mnara wa kumbukumbu. Mtazame polisi huyo.

Ng'ambo ya barabara kuna pengo kati ya majengo mawili. Nyumba iliyokuwepo ililipuliwa kwa bomu Februari 1945. Mwaka 1990 msanii Mfaransa Christian Boltanski alibandika kwenye kuta za majirani, kila kimoja katika usawa wa ghorofa yake, vibao vyenye majina ya waliokuwa wakiishi mle, kazi zao, na miaka waliyokaa. Hakuongeza neno jingine. Katika kufuatilia majina hayo iligundulika kwamba baadhi ya waliolipuliwa na bomu walikuwa wameingia katika vyumba vya Wayahudi waliokwisha kuondolewa. Kwa hiyo pengo lile lina wafu wa aina mbili, na wa kundi la pili walilala katika vitanda vya wa kwanza. Vibao havihukumu. Vinataja jina, kazi na mwaka, na anayejua kusoma miaka ataelewa.

Sitaki kuufanya mtaa huu uwe mtakatifu. Tulipofika Hackescher Markt jua lilikuwa limechomoza na umati ulikuwa mkubwa: vikundi vya watalii wenye bendera ndogo, maduka ya viatu ambavyo bei yake ni mshahara wa mwezi wa mwalimu wa kwetu, na kijana aliyekuwa akipiga picha ya viatu vyake kando ya bamba la mtu aliyeuawa, aiskrimu mkononi. Kodi za nyumba zimepanda hata hakuna mshona viatu wala muuza nguo kuukuu awezaye kuishi hapa tena. Mtaa wa mafukara umekuwa wa matajiri, na majina ya wale mafukara ni sehemu ya mvuto wake. Hapo ndipo kiwanda cha kumbukumbu kinaponitia shaka. Hata hivyo sikubaliani na wale wenzangu wanaosema ziara zote za namna hii ni biashara ya mifupa. Mwongozaji wangu anaishi kwa kazi hiyo, na anayoyasema hayasemwi na duka la viatu. Kama malipo yake ndiyo yanayowezesha jina la Regina Jonas kutamkwa kwa sauti mara mbili kwa siku mbele ya namba 6, basi na alipwe.

Tulivuka chini ya reli hadi Rosenstraße. Tarehe 27 Februari 1943 Wanazi walikamata Wayahudi wa mwisho waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya Berlin. Wapatao 2,000, wengi wao wanaume waliooa wanawake wa Kijerumani wasio Wayahudi, walizuiliwa katika jengo la jumuiya ya Kiyahudi katika barabara hii. Wake zao wakaja. Walisimama katika baridi kali siku baada ya siku, wakidai warudishiwe waume zao, mbele ya askari wenye bunduki. Karibu wote waliachiwa. Wanahistoria wanabishana kama ni wanawake wale waliowashinda Wanazi, au kama mpango wa wakati huo haukuwa kuwasafirisha waume hao. Ni ubishi halali, lakini hauondoi hoja ninayoishika: walisimama, na hawakupigwa risasi.

Vivyo hivyo katika Rosenthaler Straße namba 39, ndani ya ua uliochakaa ambao kwa bahati haujakarabatiwa, kuna karakana ya Otto Weidt, bwana aliyekuwa karibu kipofu na aliyewaajiri Wayahudi vipofu na viziwi kutengeneza mifagio na brashi. Alihonga, alighushi hati, alidai kwamba jeshi haliwezi kwenda vitani bila brashi zake. Katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, mlango ukifichwa kwa kabati, aliificha familia ya watu wanne. Walisalitiwa mwaka 1943 na hawakurudi. Chumba kipo, unaweza kuingia, kiingilio ni bure. Ni kidogo kuliko stoo ya duka la rejareja.

Nawaweka pamoja Krützfeld, wanawake wa Rosenstraße na Weidt kwa sababu kila utawala wa mabavu huacha nyuma yake kizazi kinachosema: tungefanya nini? Wanasema hivyo Berlin, na tumelisikia katika nchi zetu pia. Mtaa huu una majibu matatu ndani ya mwendo wa robo saa. Mkuu wa polisi anaweza kufungua kabati la sheria. Mke anaweza kusimama barabarani. Mwenye karakana anaweza kudanganya. Wachache waliofanya hivyo ndio wanaowafanya wengi wawe wadeni.

Tena chuki yenyewe haikuanza na Hitler. Katika Almstadtstraße, ambayo zamani iliitwa Grenadierstraße na ilijaa vyumba vya sala na wachuuzi wa Kiyidi, mwongozaji alinikumbusha tarehe 5 Novemba 1923. Mfumuko wa bei ulikuwa umeigeuza fedha ya Ujerumani kuwa karatasi. Watu wasio na kazi, walioambiwa kwamba fedha za kujikimu zimekwisha, walilishwa uvumi kwamba Wayahudi wa Galicia wamezinunua zote. Maelfu waliingia mtaani, wakapora maduka, wakawavua watu nguo na kuwapiga. Ilikuwa miaka kumi kabla ya 1933. Mkate ulipopanda bei, aliyetafutwa ni jirani mwenye lafudhi.

Kila mahali tulipopita, chini, palikuwa na yale mabamba ya shaba yenye upana wa takriban sentimita 10 kila upande, yaliyopachikwa kati ya mawe ya njia mbele ya milango. Huyaita mawe ya kujikwaa. Aliyeyabuni ni msanii Gunter Demnig, na jiwe la 100,000 lilipachikwa Nuremberg mwaka 2023. Kila moja huanza kwa maneno "Hapa aliishi", kisha jina, mwaka wa kuzaliwa, na mwisho wake. Jambo linalonigusa si idadi. Ni kwamba jiwe hugharimiwa na mtu au kikundi kilichoamua kuliomba: wakazi wa jengo, wanafunzi, jamaa aliye ng'ambo. Kwa miaka mingi mchango ulikuwa euro 120. Mtu aliyehamia juzi tu anauliza ni nani aliyelala chumbani kwake mwaka 1941, anatafuta hati, kisha analipa. Huko ndiko kuulizia madeni ya marehemu. Najua wapo wanaopinga: Munich haiyaruhusu kwenye njia za umma, na Charlotte Knobloch, kiongozi wa jumuiya ya Wayahudi wa huko aliyenusurika akiwa mtoto, amesema ni kuyakanyagisha majina ya watu waliokwisha kukanyagwa. Ni pingamizi zito, na aliyelitoa ana haki zote za kulitoa. Mimi niliwaona watu watatu asubuhi ile wakiinama ili wasome. Kuinama mbele ya jina nako kuna heshima yake.

Ziara ilipangwa kuishia Rosenthaler Platz. Hapo lilikuwepo lango la jiji ambalo, kwa mujibu wa masimulizi, Moses Mendelssohn aliingilia mwaka 1743 akiwa na umri wa miaka 14, kwa miguu, kwa kuwa Wayahudi na mifugo walipitia huko. Waongozaji wengi huongeza kwamba mlinzi aliandika daftarini idadi ya ng'ombe, ya nguruwe, na Myahudi mmoja. Wangu alinieleza kisa hicho kisha akasema hakuna daftari lililowahi kuonekana. Nilimpenda tena.

Alinyoosha mkono kuniaga. Nikamwomba dakika kumi zaidi.

Nilikuwa najua kwamba hatua chache kutoka langoni pale, Brunnenstraße namba 193, kuna jiwe la mtu wa kwetu. Nimefundisha Kiswahili chuo kikuu miaka kumi na mitano. Nimeishi Ujerumani miaka minne nikisomea shahada ya uzamivu. Sikuwahi kulizuru, wala kumtaja mtu huyo darasani. Aibu hiyo ni yangu na siigawi.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari Msudani wa jeshi la Wajerumani. Alitumikia jeshi hilo akiwa mtoto katika Vita vya Kwanza. Baadaye akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin akijiita Bayume Mohamed Husen. Kilichompeleka kilikuwa jambo moja rahisi: kudai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakuwahi kulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ikamkatalia. Akabaki. Alikuwa mhudumu wa meza katika jumba la starehe, akaigiza katika sinema, akafundisha Kiswahili katika seminari ya lugha za Mashariki ya chuo kikuu, akaoa Mjerumani. Hakuwa shujaa wa vitabuni. Alisimama katika mikutano ya waliotaka makoloni yarudi, akivaa sare ya askari, na aliigiza hata katika sinema ya mwaka 1941 ya kumtukuza Carl Peters, yule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele; akanyimwa. Mwaka huo huo wa 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa bila kesi katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944. Jiwe lake liliwekwa mwaka 2007.

Barabara iliyobeba jina la Peters katika mtaa mwingine wa jiji hilo, kwa taarifa yako, ilibadilishwa mwaka 2024, na kipande chake sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Wakazi wa Berlin ndio waliobishana juu yake miaka na miaka, pamoja na Waafrika waishio huko. Sisi huku tulisoma habari.

Mwongozaji wangu alisema amepita mbele ya mlango ule kwa miaka kumi na miwili. Hakuwa akimjua. Alichuchumaa, akasoma polepole, akaniuliza namna ya kutamka "Mahjub" na kama "bin" ni jina. Nikamweleza. Akaandika katika daftari dogo. Kisha akauliza:

"Ile mishahara, walimlipa?"

"Hawakumlipa."

Alitoa kitambaa mkobani, akalisugua bamba mpaka herufi zikang'aa. Muda wake ulikuwa umepita kwa nusu saa. Nilitaka kumwongezea fedha, akakataa. Alisema kesho yake ana kundi la Wamarekani sita, na kwamba angewaanzishia hapa, langoni, kabla ya kuba.